SOMO: Kisu cha mfukoni cha kazi za kila siku, kuchagua, kunoa, kubeba na kuanza mkusanyo

Habari wakuu. Nimeona nishushe hili somo maana kila nikitoa kisu nimenye chungwa watu wananiangalia kama nimetoa bastola, halafu dakika mbili baadae yule yule aliyeshtuka ananiomba nimkatie kamba ya kiroba. Naongelea visu vya kukunja vya kizamani, mpini wa mbao au pembe, sio yale madude meusi ya kikomandoo yenye meno mgongoni, yale ni mapambo tu.

HATUA YA 1: Anza na kimoja, tena cha bei ya kawaida

Wengi wanaanza kwa kununua vinne vitano kwa mpigo, mwezi haujaisha vyote butu vipo kwenye droo. Kanuni yangu ni moja, usinunue cha pili kama hujajua kunoa cha kwanza. Basi.

Vya kuanzia kwangu ni vitatu.

Okapi. Hiki kina undugu na sisi, kilianza kutengenezwa Solingen, Ujerumani, mwaka 1902 kwa ajili ya kuuzwa kwenye makoloni ya Mjerumani Afrika, na Tanganyika tulikuwa humo humo. Hata jina ni la yule mnyama wa misitu ya Kongo. Mwishoni mwa miaka ya 1980 kazi ikahamia Afrika Kusini na mpaka leo vinatoka huko. Kile maarufu kina mpini wa mbao wenye vipambo vya nyota na mwezi, na mgongoni kuna springi yenye pete. Ukifungua kinalia krrk krrk krrk, ukitaka kukunja unavuta pete juu springi iachie. Ni kisu cha mwananchi haswa, ila ujue kina jina baya, Afrika Kusini kimehusishwa sana na magenge na Jamaika nako vijana wa mtaani walikibeba miaka na miaka, kwahiyo ukikitoa mbele za watu usishangae macho.

Opinel ya Ufaransa. Joseph Opinel alianza kukitengeneza 1890 huko Savoie milimani, wateja wake wakulima. Vitu vitano tu, bapa, mpini wa mbao, msumari mmoja na pete mbili, moja imetulia na nyingine ya kuzungusha ili bapa lisikukunjikie vidoleni, hiyo ya kuzungusha ililetwa 1955. Zinakwenda kwa namba, namba 8 bapa lake ni sentimita 8.5, ndio saizi ya mtu mzima. Kura yangu iko hapa.

Victorinox kila mtu anakijua, Uswisi, Karl Elsener, muundo ule wa kisu cha maofisa wa jeshi ulisajiliwa 1897. Kina kifungulio cha makopo na bisibisi na mengineyo. Angalizo moja, vile vidogo vya milimita 91 havina loki, bapa linashikiliwa na springi tu, usisukume kwa ncha.

HATUA YA 2: Chuma

Kuna chuma cha kaboni na kuna stenlesi. Opinel wanaandika kabisa kwenye bapa, CARBONE au INOX. Kaboni kinanoleka haraka na makali yake matamu, ila kinataka matunzo. Ukikatia embe bichi au limau na ukachelewa kufuta, bapa linageuka kijivu kinachoelekea bluu. Hiyo sio kutu, iache, inasaidia hata kuzuia kutu yenyewe. Kutu ni ile nyekundu, hiyo sugua na stilwaya ya masufuria, futa, paka mafuta. Mtu wa Pwani mwenye chumvi ya bahari hewani, au mvivu wa kufuta, achukue stenlesi tusipotezeane muda.

HATUA YA 3: Kunoa (soma taratibu hapa)

Tafuta kinoo chenye pande mbili, mkwaruzo na laini. Tupa achana nayo, tupa ni ya panga na jembe, kisu kidogo inakila chote. Loweka kinoo kwenye maji mpaka kiache kutoa mapovu, kiweke juu ya kitambaa kibichi kisiteleze. Laza bapa, halafu inua mgongo wake kimo cha sarafu tatu zilizolaliana, kwa Opinel namba 8 hapo unapata kama nyuzi 20. Sasa sukuma makali yakiwa mbele, yani kama unataka kumenya kinoo chenyewe, kutoka shinani mpaka kwenye ncha, ukifika penye mkunjo wa ncha inua mpini kidogo. Usikandamize. Endelea upande mmoja tu mpaka ukipitisha kidole gumba upande wa PILI, kutoka mgongoni kuelekea makali, unasikia kama kuna kachuma kamejikunja kanakwaruza. Hicho ndicho unachokitafuta, wengi wanaishia njiani kabla hakijatokea halafu wanalaumu kisu. Kikitokea urefu wote geuza upande, fanya hivyo hivyo, kisha hamia upande laini na kila mkupuo punguza nguvu. Malizia kwenye mkanda wa ngozi upande wa ndani, hapo unavuta makali yakiwa NYUMA, ukisukuma mbele unakata mkanda wako.

Jaribu kwenye karatasi ya gazeti. Ikipita bila kuchana umemaliza. Hizi habari za kunyoa nywele za mkono ni mashauzi, na unatembea na mkono una vipara.

HATUA YA 4: Kubeba

Mfuko wa mbele, kimekunjwa, mbali na simu na sarafu. Kila ukikaa vizuri pulizia vumbi la mfukoni linalojazana kwenye mfereji wa mpini, tone moja la mafuta ya cherehani kwenye msumari, imeisha hiyo. Kama unakatia matunda tumia mafuta ya kula, ya nazi yanafaa.

Benki, mahakamani, uwanja wa mpira, airport: acha nyumbani. Na ukiulizwa na askari una kisu cha nini, usianze ubishi wala utani, hasa utani.

HATUA YA 5: Mkusanyo

Chagua njia. Kuna anayekusanya nchi, kuna anayekusanya kampuni moja. Mimi napenda vilivyotumika, mtumba wenye bapa lililonolewa mpaka likapungua una maneno mengi kuliko kipya cha kwenye boksi. Ukienda kwa Wamarekani, kampuni ya Case ya Pennsylvania ni tamu kwa mkusanyaji maana toka 1970 waliweka vidoti kwenye shina la bapa, 1970 vilikuwa kumi na kila mwaka wakapunguza kimoja, kwahiyo unahesabu unajua umri. Kuwa makini na Laguiole, vile visu vya Kifaransa vyenye alama ya nyuki mgongoni, yule nyuki hamaanishi kitu, hilo jina wametumia wengi mpaka viwanda vya Asia, uliza nani katengeneza na wapi.

MASWALI YA WADAU

Mdau wa Bukoba: Mkuu somo zuri. Opinel yangu mvua zikianza haifunguki kabisa, kucha imeng'oka. Nifanyeje?

Jibu: Mbao imevimba hiyo. Fungua pete, shika kisu bapa likiangalia juu, gonga kitako cha mpini mezani, ncha itatokeza yenyewe. Wenyeji wa Savoie ndivyo wanavyofanya. Ikikauka ipake mafuta ya mbegu za kitani ndani ya mfereji, rudia mara kadhaa.

Mkenya wa Leicester: Sasa wakuu, huku UK naeza tembea na hiyo namba 8?

Jibu: Hapana ndugu yangu. Sheria ya huko bila sababu ya maana inaruhusu cha kukunja kisicho na loki na makali yasiyozidi inchi 3. Pete ya Opinel inahesabika loki. Chukua Victorinox ndogo.

Mama Shamba: Naomba kuuliza, mimi nachuma vanila na kupandikiza miche ya maembe, kipi kinanifaa?

Jibu: Shikamoo mama. Kwa kupandikiza tafuta kilichonolewa upande mmoja tu, upande wa pili bapa limenyooka, ule mkato unalala vizuri kwenye mche. Kisu cha kawaida kina mteremko pande zote mbili, kinaacha mwanya. Na kifute kwa spiriti unapotoka mche mmoja kwenda mwingine, kisibebe ugonjwa.

Kijana wa Temeke: Okapi nimeuziwa mtaani, pete imetoka siku ya pili. Ni feki?

Jibu: Inawezekana, nakala zipo nyingi. Tikisa bapa likiwa wazi, likicheza kushoto kulia na springi haishiki vizuri kwenye tundu, hicho usikitumie kwa kazi ya nguvu. Piga picha ya shina la bapa uweke hapa tuone maandishi.