Unameza dawa ya kolestro na fizi zinatoka damu? Fanya hivi

Mama mkubwa wangu anakaa Igoma, Mwanza, ana presha na kolestro, asubuhi anameza amlodipini ya presha, usiku atorvastatini ya kolestro. Mwaka jana fizi zake zikaanza kuvimba, zile za mbele zikawa zinashuka kama zinataka kuyafunika meno, na kila akipiga mswaki maji ya kusukutulia yanatoka mekundu, basi akaacha mswaki kabisa. "Mwanangu, nikisugua ndo zinazidi." Lawama zote akaitupia dawa ya kolestro, akataka kuiacha.

Usiache. Wala mswaki usiache. Damu inatoka kwa sababu ukoga umejikusanya pale jino linapokutana na fizi, na ukiacha kusugua unauongeza. Chukua mswaki laini, ulaze kwa mshazari, nywele zake ziguse jino na ukingo wa fizi kwa pamoja, tikisa taratibu mwendo mfupi mfupi bila kukandamiza, jino kwa jino, nje na ndani, dakika mbili, asubuhi na usiku kabla ya kulala. Dawa ya meno iwe na floraidi, na ukimaliza tema povu tu usisukutue na maji mengi. Katikati ya meno pitisha uzi wa meno, maana nyuzi za sato na vichwa vya dagaa hukwama huko, na pini ya nguo tafadhali iache. Ukoga ulioshakuwa mgumu, ule ugaga wa njano, mswaki hauutoi, lazima daktari wa meno aukwangue.

Sasa kuhusu dawa. Statini, yaani kundi la dawa za kolestro kama atorvastatini, inaenda kwenye ini kupunguza utengenezaji wa kolestro, fizi kuota na kufunika meno sio tabia yake. Inayojulikana kwa hilo ni amlodipini, tena zaidi kama mdomo una ukoga mwingi. Lakini usiikatishe mwenyewe presha ikakupandia, mwambie daktari anayekupa, zipo za kubadilisha. Pima na sukari pia, kisukari kinaharibu fizi sana. Na watu wenye ugonjwa wa fizi mara nyingi ndo hao hao wenye shida ya moyo, ila kusafisha fizi hakuchukui nafasi ya kidonge.

Hapa naomba usome taratibu. Ukienda kung'oa jino au kutibiwa fizi, beba dawa zako ZOTE. Mama mkubwa alienda kliniki moja hawakumuuliza chochote, wakamwandikia antibayotiki inayoitwa klarithromaisini, na hii ikikutana na atorvastatini inaifanya ijae kwenye damu mpaka misuli inaweza kuumia. Simvastatini, statini nyingine, ndo kabisa haitakiwi kukutana nayo, wala na erithromaisini, na dawa kadhaa za fangasi zina shida hiyo hiyo. Aliyemwokoa ni dada wa famasi aliyemuuliza unatumia nini kingine, yeye akatoa kibahasha cha plastiki kimeandikwa 1x1 tu, jina hakuna! Ikabidi nirudi nyumbani kutafuta boksi. Kwa hiyo piga picha boksi lenyewe, jina na miligramu zionekane, ibaki kwenye simu. Antibayotiki za amoksisilini na metronidazo hazina ugomvi huo na statini. Kama unameza aspirini ya moyo, iseme kabla ya kung'oa, usiiache kimya kimya.

Ukiona misuli inauma bila sababu, mwili umelegea, mkojo mweusi kama chai ya rangi, usingoje kliniki ya mwezi ujao, nenda hospitali siku hiyo hiyo, kwa Mwanza ni Sekou Toure au Bugando.

Kipimo cha mafuta ya kwenye damu hurudiwa kati ya wiki 4 na 12 baada ya kuanza dawa au kubadilishiwa dozi, uliza LDL yako, ile kolestro mbaya, ni ngapi uiandike. Na sato wa kuchemsha na nyanya ni mtamu, sio lazima kila siku aogelee kwenye mafuta.

Mama mkubwa alibadilishiwa ya presha, akakwanguliwa ugaga, statini anaendelea nayo. Fizi zilichukua miezi kurudi chini, ila damu ilianza kupungua ndani ya wiki mbili tu za mswaki laini.