Kuoga na Kufua kwa Maji Kiduchu: Zoezi la Safari ya Anga kwa Wanafunzi wa Tabora na Kigoma

Weka ndoo kando. Kwenye kituo cha anga cha kimataifa maji hayatiririki. Yanang'ang'ania ngozi kama uji mzito, na tone likiponyoka huelea hadi kwenye mitambo. Skylab, kituo cha anga cha Marekani cha mwaka 1973, ilikuwa na bafu la pazia, ila kufyonza maji yaliyobaki kulichosha kuliko kuoga kwenyewe. Siku hizi kinachoogesha ni kitambaa.

Pima mililita 300 za maji ya uvuguvugu: 100 kwenye bakuli la sabuni, 200 kwenye bakuli la maji safi. Sabuni ya maji iwe matone mawili tu. Ya wanaanga haihitaji kusuuzwa. Yako ukiizidisha itabaki mwilini na kuwasha. Kata vipande viwili vya kanga iliyochakaa, ukubwa wa leso. Kanga inafaa kuliko taulo kwa sababu haipukutishi nyuzi kama taulo, na angani nyuzi za pamba huziba vichujio vya hewa. Chovya, kamua, futa uso, shingo, kwapa, miguu, sehemu za siri mwisho. Rudia kwa kipande cha maji safi. Tone likidondoka sakafuni, hukukamua vya kutosha.

Vianike kivulini penye upepo. Kiangazi cha Tabora hukausha upesi. Masika, kando ya ziwa kule Kigoma, kitambaa huchelewa kikaanza kunuka. Chomboni feni ndizo upepo, na unyevu hunaswa ukasafishwa kuwa maji ya kunywa. Mwaka 2023 NASA, shirika la anga la Marekani, ilitangaza kufikia urejeshaji wa asilimia 98 ya maji. Ndiyo maana spiriti hupunguzwa sana huko: mvuke wake huingia majini na kuuelemea mtambo.

Nguo ni ngumu zaidi. Mwanaanga hufanya mazoezi kama saa mbili kila siku, na jasho halichuruziki, linajikusanya mwilini mpaka lifutwe. Mashine ya kufulia hakuna. Nguo chafu hupakiwa kwenye chombo cha mizigo kinachoungua kikirudi kwenye angahewa. Anayekwenda Mirihi hatapata chombo hicho, itabidi afue.

Jaribu na soksi. Kwenye chupa ya mdomo mpana tia mililita 500 za maji na robo kijiko cha chai cha sabuni ya unga. Funga, tikisa dakika 5, loweka 10, kamua. Suuza mara mbili, kila mara kwa mililita 500. Povu likibaki, punguza sabuni, usiongeze maji. Kisha pima maji yote uliyokamua. Yaliyopungua kwenye ile lita moja na nusu mengi yamo ndani ya soksi, na chomboni hayarudi mpaka ikauke.