Mnunuzi wa saileji anataka nepia yako ikiwa imesimama: hivi ndivyo unapata bei

Jirani yangu hapa Githunguri alipigiwa simu na mtu anayetaka ekari yake yote ya nepia (nyasi ndefu za ng'ombe) ikiwa bado shambani, akaweke saileji, yaani nyasi mbichi iliyokatwakatwa na kufungiwa bila hewa ikae muda mrefu, akaniuliza aseme ngapi. Nikamwambia asitaje chochote mpaka tupime, kwa sababu hapa watu wanauza kwa macho tu, alafu kanta (lori ndogo) zinapita tatu, nne, mwenye shamba amesimama anaangalia jasho lake likienda.

Hatua ya 1. Subiri nyasi zifike kama mita moja. Zikipita sana hapo shina linakuwa gumu, uzito unaongezeka lakini protini inashuka, na mnunuzi anayejua ng'ombe ataiona hiyo.

Hatua ya 2: uzito shambani. Hapa ndipo mimi niliumia. Mara ya kwanza nilichukua fremu ya mita moja kwa mita moja nikaiweka juu ya mashina, nikakata, nikapima, ikanipa kilo 6, nikazidisha kwa 4,047 (hizo ndizo mita za mraba kwenye ekari) nikapata tani 24. Mnunuzi akalipa tani 24, kufika mizani zilikuwa kama 16. Nilimrudishia pesa yake baada ya siku nzima ya mabishano, na alikuwa na haki.

Shida ni kwamba nepia imepandwa kwa mistari, na kama mistari iko sentimita 90, fremu ya mita ikikaa vibaya inameza mistari miwili nzima, kwa hivyo unahesabu nyasi mara mbili. Achana na fremu. Chukua tepu, pima kutoka mstari hadi mstari, tuseme ni 0.9, kisha kata mita 2 za mstari mmoja. Hiyo ni mita za mraba 1.8. Gawa uzito uliopata kwa 1.8. Sisi tulipata wastani wa kilo 7.2, yaani kilo 4 kwa mita ya mraba.

Fanya sehemu 10 angalau, na usichague wewe, tembea hatua 20 ukate pale mguu umesimama hata kama pamekauka au kuna pengo, pengo pia ni shamba. Usipime pembeni karibu na boma la ng'ombe, pale mbolea imejaa. Usipime asubuhi kuna umande ama mvua imetoka kunyesha, maana utauza maji. Na mkate urefu ule ule mnunuzi atakata, sentimita 10 hivi kutoka chini, hilo mkubaliane kabla, akikata hadi udongoni shina halichipuki vizuri. Mizani ya kuning'iniza inatosha kabisa, ile ya jikoni usijaribu.

Kilo 4 mara 4,047 ni tani 16, toa sehemu ya kumi ya njia na masalio, baki tani 14.5.

Hatua ya 3: uzito mkavu. Katakata kilo moja, anika kwenye gunia juani siku mbili tatu mpaka ivunjike mkononi. Yetu ilibaki gramu 220. Bado ina unyevu kidogo kwa hivyo zidisha kwa 0.9, inakuja karibu 200, yaani asilimia 20. Tani 14.5 ni kilo 2,900 kavu. Anayekwambia bei ya kilo mbichi bila kuuliza unyevu, mwache apite.

Hatua ya 4: bei ya juu. Angalia beli ya nyasi kavu inauzwa ngapi kwenu wiki hiyo. Mfano beli ya kilo 15 ni bob 300, na beli huwa kavu kama asilimia 85, kwa hivyo kilo kavu ni 23.50. Mara 2,900 ni kama 68,000. Toa asilimia 15 inayopotea kwenye saileji, toa gharama za mnunuzi za kukata, mashine, kanta, plastiki na molasi (tuliweka bob 2 kwa kilo mbichi, 29,000). Inabaki karibu 29,000. Akilipa zaidi ya hapo, heri anunue beli.

Hatua ya 5: bei ya chini. Hii wengi hawahesabu. Nyasi inaondoka na mbolea yako. Kilo 2,900 zenye protini ya asilimia 8 zinabeba naitrojeni kama kilo 37, na mfuko wa mbolea ya CAN wa kilo 50 una 13 tu, kwa hivyo karibu mifuko mitatu inapanda kwenye kanta. Ongeza potasiamu, palizi, na kodi ya shamba kwa wiki zile nyasi zimekaa. Jirani alifika 17,000, chini ya hapo asiuze.

Hatua ya 6. Aliomba 27,000, wakakubaliana 25,000, nusu kabla panga halijaingia na nusu kanta ya mwisho ikijazwa. Tukaandika kwenye karatasi urefu wa kukata, siku ya mwisho ya kumaliza (asipokuja mpaka nyasi zizeeke hasara si yako), na kwamba kanta inakaa barabarani mvua ikinyesha, kwa sababu magurudumu kwenye udongo mbichi yanaponda mashina na msimu ujao mstari mzima hauoti.