Kubaguliwa kazini Marekani: jinsi ya kufungua lalamiko EEOC (na hii habari ya DEI kufutwa)

Habari wakuu. Mimi sio wakili, mimi ni mkalimani, nakaa katikati ya mtu wetu na afisa wa EEOC (tume ya serikali kuu inayopokea malalamiko ya kubaguliwa kazini) nageuza maneno, na tangu Januari 2025 swali ni lile lile, "si DEI (ile mipango ya kuingiza watu wa kila aina kazini) imefutwa, sasa tunalalamika wapi?"

Kilichofutwa ni programu za DEI za serikali kuu, pamoja na amri ya rais Johnson ya 1965 iliyobana makampuni yenye tenda za serikali yasibague, na Walmart, Meta na wengine nao walipunguza za kwao. Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964, ndiyo inayokataza kubagua kazini, ipo palepale, ilipitishwa na Bunge, rais hawezi kuifuta kwa saini. Mimi naona DEI ilisaidia kwenye kutangaza kazi, walikuja mpaka kanisani kwetu na fomu, ila ile picha ya watu wa rangi zote pale kwenye chumba cha brek haijawahi kumpandisha mtu cheo.

Hatua ya 1: hesabu siku. Ni siku 180 tangu tukio. Majimbo mengi yana ofisi yao ya haki hizi kwahiyo zinakuwa 300, ila wewe hesabu 180 ulale usingizi. Ukifukuzwa zinaanza siku uliyoambiwa, sio siku ya cheki ya mwisho, na kulalamika HR (ofisi ya wafanyakazi ya kampuni) hakusimamishi hesabu. Mnaofanya kazi serikali kuu, mfano hospitali za VA (za wanajeshi wastaafu), njia yenu ni nyingine, mna siku 45 tu za kumuona mshauri wa EEO (usawa kazini) wa idara yenu. Na kampuni iwe na wafanyakazi 15 au zaidi, chini ya hapo kaulize ofisi ya jimbo.

Hatua ya 2: andika, na SAA uandike ya kizungu. Hapa niliwahi kuharibu mimi mwenyewe. Kuna mama mmoja, shifti ya pili, alikuwa na daftari zuri kabisa, tarehe, laini ya ngapi, nani alikuwepo, maneno ya supavaiza neno kwa neno kuhusu lafudhi yake. Kaandika "saa 2 usiku". Mimi nimechoka, nikamwambia afisa saa mbili za usiku kwa saa yao, yaani saa nane ya kwetu. Kampuni ikaleta rekodi ya kupanchi, mama alishatoka kazini zamani! Ilibidi tuandike barua ya kueleza kwamba Waswahili tunahesabu saa toka jua linapochomoza. Tangu siku hiyo kila anayekuja namwambia andika 8 pm basi. Meseji piga skrinshoti, ila usijitumie mafaili ya kampuni kwenye imeili yako, watakufukuza kwa hilo na watakuwa na sababu.

Hatua ya 3: jilinganishe na mtu. Watu wengi wanakwama hapa. "Wananichukia" haitoshi. Sema fulani wa laini ile ile alichelewa mara tatu akaonywa kwa mdomo, mimi mara moja nikafukuzwa. Hii imekuwa muhimu zaidi maana Aprili 2025 rais aliagiza serikali iache kukazania kesi za kanuni inayoonekana sawa kwa wote ila inaumiza kundi moja, kwahiyo eleza ulivyotendewa WEWE. Dini nayo imo, kule Fort Morgan, Colorado, kampuni ya nyama ya Cargill ililipa dola milioni 1.5 mwaka 2018 kwenye mgogoro wa Wasomali waliofukuzwa kwa ajili ya muda wa swala.

Na wazungu nao wanalindwa, msishangae. Juni 2025 Mahakama ya Juu, majaji wote tisa, ilikubaliana na Marlean Ames wa Ohio kwamba mtu wa kundi la wengi asiwekewe kizingiti kirefu kuliko wengine. Kwahiyo bosi akikwambia "nakuchukua maana nataka mweusi" huyo naye kavunja sheria, hata kama safari hii mfaidika ni wewe.

Hatua ya 4: ingia mtandao wa EEOC. Ni bure. Unajibu maswali, unachagua siku ya kuhojiwa, omba mkalimani wa Kiswahili mapema. SASA SIKILIZA, yale maswali ya mwanzo sio lalamiko, lalamiko ni ile karatasi inayoandikwa baada ya mahojiano na WEWE unaisaini. Soma kabla ya kusaini, kama kisanduku cha kulipiziwa kisasi (kuonewa kwa sababu ulilalamika) kinakuhusu hakikisha kimewekwa alama.

Hatua ya 5: kusubiri. Ndani ya siku 10 kampuni inajulishwa. Wakianza kukukata masaa, hilo ni kosa jipya, liandike nalo. Wanaweza kuwaita mpatane, nenda, kusikiliza hakukufungi. Kampuni ikijibu omba nakala ya majibu yao, una siku 20 za kuyajibu.

Mwisho inakuja barua ya ruhusa ya kwenda mahakamani, una siku 90, na siku hizi inawekwa humo humo kwenye akaunti yako ya EEOC. Kuna jamaa alibadilisha imeili hakuwaambia, akaja kwangu na barua yake kwenye simu, tukahesabu wote wawili kwenye kalenda ya ukutani, siku ya 97.