Kabla Hujafuatilia Urithi na Polimofizimu kwa Kalamu

Mitihani ikikaribia, mabweni ya vyuo kuanzia Mbeya hadi Iringa hujaa karatasi za Java, lugha ya kuandikia programu, zenye swali moja: programu hii itachapisha nini? Usikimbilie jibu. Chora kwanza mti wa klasi (ramani za kuundia objekti), klasi mama juu, watoto wanaoirithi chini. Pembeni weka safu mbili: aina iliyotangazwa (klasi iliyoandikwa mbele ya jina la kigeu) na objekti halisi (kitu kilichoundwa kwa new). Usizibebe kichwani.

Methodi, yaani kazi iliyoandikwa ndani ya klasi, ikiwa ya kawaida hufuata objekti halisi; hiyo ndiyo polimofizimu. Vigeu vyote, pamoja na methodi za static (za klasi yenyewe, si za objekti), hufuata aina iliyotangazwa. Methodi ya private (inayoonekana ndani ya klasi yake tu) haibatilishwi, yaani mtoto hawezi kuiandika upya. Mtoto akiandika yenye jina hilohilo, hiyo ni nyingine kabisa.

Sasa konstrakta, msimbo unaoendeshwa objekti inapoundwa, maana hapa ndipo alama zinapomwagika. Chukua klasi Zao yenye int gunia = 10 (int ni namba kamili), ambayo konstrakta yake inaita onyesha() inayochapisha "Zao" na idadi ya gunia. Klasi Kiazi inairithi, inatangaza int gunia yake = 25, na inaandika upya onyesha() ichapishe "Kiazi" na idadi ya gunia. Kisha: Zao z = new Kiazi(); halafu z.onyesha(), mwisho inachapishwa z.gunia. Wengi hujibu Zao 10, Kiazi 25, 25. Jibu ni Kiazi 0, Kiazi 25, 10.

Ile 0 inatoka wapi? Objekti inapozaliwa, vigeu vyake vyote vya int huwa 0. Konstrakta ya mama hutangulia: gunia ya Zao inapata 10, kisha onyesha() inaitwa. Objekti tayari ni Kiazi, kwa hiyo inaendeshwa onyesha() ya Kiazi, nayo inasoma gunia ya Kiazi, ambayo zamu yake ya kupewa 25 haijafika. Ingekuwa String (maandishi), ungeona null, yaani hakuna kitu. Ile 10 ya mwisho ni kwa sababu z imetangazwa kuwa Zao. Kwa hiyo chora visanduku viwili vya gunia ndani ya objekti moja, na kila thamani ikibadilika, kata ya zamani kwa mstari, usiifute.

Ukiandika msimbo wako, weka @Override juu ya methodi unayoiandika upya. Ukikosea herufi ya jina, kompaila (programu inayotafsiri msimbo) itagoma papo hapo. Na angalia lugha ya swali kabla ya yote: kwenye C++, konstrakta ya mama huita toleo la mama, na methodi isiyo virtual (isiyowekewa neno linaloruhusu kufuata objekti halisi) hufuata aina ya pointa, kigeu kinachoelekeza kwenye objekti.