Kufunga Kipande cha Mwisho na Chambo kwa Mbuta na Kamongo Ukivua Ufuoni

Mshipi ukikatika ukivua ufuoni mwa Ziwa Victoria, usikimbilie dukani kununua nailoni nene zaidi. Angalia kwanza ncha iliyobaki mkononi. Ikiwa imekwaruzika na kuwa nyeupe kwa sentimita kadhaa, aliyekukimbia ni mbuta (sangara), au ni jiwe. Ikiwa imekatika safi kama kwa mkasi, huyo ni kamongo. Ncha iliyojiviringisha kama mkia wa kinyonga haikukatwa na samaki yeyote: fundo lako lilifunguka.

Mbuta hana meno ya kukata. Mdomo wake una vijino vidogo vingi, mfano wa msasa, na kifuniko cha shavu lake kina ukingo mkali. Anasugua nailoni hadi iishe. Kamongo ana mabamba magumu ya meno anayovunjia konokono, na yakifunga, nailoni ya unene wowote inakatika. Kwa hiyo kipande cha mwisho, yaani kile kilicho kati ya suiveli (kiungo cha chuma kinachozunguka) na ndoana, hakiwezi kuwa cha aina moja kwa wote wawili: cha mbuta ni nailoni nene, cha kamongo ni waya.

Hatua ya 1: Amua unamvua nani hapo ulipo

Mbuta hawezi maji yenye hewa kidogo. Mtafute kwenye ncha za miamba zinazopigwa na mawimbi, kama upande wa Mbita na Rusinga, au ufuo wenye kina karibu. Kamongo hupanda juu kuvuta hewa, kwa hiyo haoni shida chini ya gugumaji na kando ya mafunjo kama ya Dunga, karibu na Kisumu. Ukiona maji yametulia kisha yanafumuka mara moja na viputo kufuata, weka waya. Ghuba ya Winam ina maji ya tope, na samaki wengi huko hupata chambo kwa harufu na mtikisiko kuliko kwa macho. Usiogope kwamba waya utaonekana.

Hatua ya 2: Vifaa

Mshipi mkuu ni nailoni ya mm 0.60, mita 80 hadi 100, iliyozungushiwa chupa ya plastiki ya lita moja na nusu. Kwa kipande cha mbuta, chukua nailoni ya mm 1.0. Kwa kamongo, waya mmoja wa chuma kisichoshika kutu, unene wa mm 0.4 hadi 0.5. Waya wa kufungia vyuma vya ujenzi haufai kabisa: ni laini, unanyooka, na ukikunjwa mara chache unakatika. Wa breki ya baiskeli unafaa ukikosa mwingine, ila ukishasuguka huanza kutu ndani usikokuona.

Ongeza suiveli, chubwi ya gramu 80 hadi 120, nailoni nyembamba ya mm 0.35, plaisi, na ndoana. Kwenye ndoana nambari huwachanganya wengi. Zile za nambari tupu, kadiri nambari inavyopanda ndoana inapungua: 9 ni ndogo kuliko 6. Zenye mkwaju na sifuri ni kinyume: 5/0 ni kubwa kuliko 2/0. Kwa kazi hii 3/0 hadi 5/0 zinatosha.

Hatua ya 3: Kipande cha mbuta

Kata nailoni ya mm 1.0 yenye urefu wa mita moja baada ya kufunga. Urefu huu una sababu. Mbuta akigeuka kukimbia, mshipi hulala juu ya shavu na ubavu wake, kwa hiyo kipande kizidi urefu wa samaki unayemtarajia. Cha sentimita 40 kitamwachia mshipi mwembamba pale pale penye ukingo mkali.

Pitisha ncha kwenye tundu la ndoana, irudishe sambamba na mshipi, fanya kitanzi, kisha izungushe ndani ya kitanzi mara tatu ukizishika nyuzi zote mbili pamoja. Kwa nailoni ya mm 0.60 zungusha mara tano. Lowanisha kwa mate, vuta polepole, acha mkia wa mm 4. Ukizungusha mara tano kwenye nailoni nene, mizunguko haitalala vizuri na fundo litateleza baadaye. Ukivuta likiwa kavu, joto la msuguano hulegeza nailoni kabla hata hujatupa. Funga suiveli upande wa pili kwa fundo hilo hilo.

Hatua ya 4: Kipande cha kamongo

Hapa sentimita 25 hadi 30 za waya zinatosha. Pitisha waya kwenye tundu la ndoana, uukunje kitanzi kidogo, kisha zisokote pande zote mbili kwa pamoja mara nne au tano, kila upande ukiuzunguka mwenzake. Ukisokota upande mmoja tu juu ya mwingine ulionyooka, utateleza ukivutwa. Baada ya hapo zungusha mkia peke yake, mizunguko mitano au sita iliyobanana.

Mkia uliobaki usiukate kwa plaisi. Upinde uwe kama mpini, uuyumbishe mbele na nyuma hadi ukatike wenyewe kwenye mzunguko wa mwisho. Plaisi huacha kijiti kinachochana vidole. Waya ukishapata kona kali, tupa. Kuunyoosha hakurudishi nguvu, utakatika hapo hapo.

Hatua ya 5: Chubwi

Usifunge chubwi moja kwa moja kwenye mshipi mkuu. Tia suiveli ya ziada iteleze kwenye mshipi mkuu kabla ya kufunga kipande, na uning'inize chubwi hapo kwa sentimita 15 za nailoni ya mm 0.35. Samaki anavuta bila kuhisi uzito, na chubwi ikinasa kwenye mwamba inakatika peke yake. Kwa sababu utapoteza nyingi, tumia plagi kuukuu ya pikipiki au nati nzito badala ya chubwi ya madini ya risasi.

Chini kukiwa tope, chambo huzama kikapotea. Kata kipande cha slipa kuukuu, ukubwa wa kidole gumba, kitoboe na kukiweka sentimita 15 kutoka kwenye ndoana. Jaribu kwenye ndoo: chambo kiinuke kidogo, kisielee juu.

Hatua ya 6: Chambo

Kwa mbuta hakuna kinachoshinda fulu (samaki wadogo wa ziwani) au mumi (kambare) mdogo aliye hai, wa sentimita 8 hadi 12. Fulu mtoboe mgongoni, chini kidogo ya pezi na juu ya uti. Ukigusa uti anakufa. Lakini ndoana ya mgongoni haistahimili kurushwa kwa mkono, huchanika ungali hewani. Ukirusha mbali, pitisha midomoni. Mumi ana fuvu gumu, kwa hiyo usijaribu kichwani. Faida yake ni kwamba huvumilia kuliko fulu.

Kwa kamongo tumia minofu yenye ngozi, matumbo ya samaki, au konokono aliyetolewa kwenye gamba. Ngozi ndiyo inayoshikilia, kwa hiyo toboa ngozi, nyama, ngozi tena. Kwa chambo chochote ncha ibaki wazi, na nafasi kati ya ncha na mti wa ndoana isijae. Mwenye kulalamika kwamba samaki "wanaonja tu" mara nyingi amejaza nafasi hiyo.

Hatua ya 7: Kuvuta

Mbuta akikimbia, vuta kwa nguvu mara moja, isipokuwa ndoana yako ni ya mviringo: hiyo kaza tu, ijishike yenyewe. Kamongo hutafuna akitema na kunyonya tena, kwa hiyo mtikiso wa kwanza uache. Subiri mshipi uondoke bila kusita, ndipo ukaze.

Usimshike mbuta kwenye shavu, atakukata. Kamongo usimtoe ndoana akiwa hai, kwa sababu hata baada ya muda mrefu nchi kavu bado anauma. Mbuta asiyefika sentimita 50 mrudishe, na kabla ya kutupa mshipi waulize BMU (kamati ya usimamizi wa ufuo) wa ufuo huo mahali palipofungwa. Samaki hawa hula zaidi jua likizama, na saa hiyo ndiyo kiboko hutoka majini. Simama juu ya mwamba, usiingie majini: kuna mamba, na kwenye kina kifupi kuna kichocho.

Kila ukimtoa samaki, pitisha ukucha kwenye sentimita 30 za mwisho za nailoni. Ukihisi mkwaruzo, kata hapo na ufunge upya. Kipande kikishapungua hadi sentimita 70, badilisha chote.