Kuchagua Mchanga wa Chujio la Bwawa la Kuogelea

Niliwahi kuitwa kwenye nyumba moja ya Mbezi Beach ambako maji ya bwawa yalikuwa na ukungu, na mbele ya matundu yanayorudishia maji palikuwa na vichuguu vya mchanga ambavyo mhudumu alivifagia kila asubuhi na kesho yake akavikuta tena. Fundi aliyetangulia alikuwa amejaza tenki la chujio mchanga wa ufukweni, mweupe na msafi kwa macho.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei, uliza ukubwa wa chembe. Mchanga wa silika unaotengenezwa kwa ajili ya mabwawa huchekechwa ili chembe zake ziwe kati ya takriban milimita 0.45 na 0.85. Zikiwa ndogo zaidi, hupenya kwenye nyufa za mabomba madogo yaliyotandazwa kama vidole chini ya tenki na kuingia bwawani. Zikiwa kubwa zaidi, uchafu hupita katikati yake bila kunaswa. Mchanga wa ufukweni na ule wa kujengea haujachekechwa kwa kipimo hicho na unaweza kuwa na udongo, na ule wa ufukweni una chumvi na vipande vya makombe pia.

Kama unatilia shaka mfuko unaouziwa, weka kijiko kimoja cha mchanga huo kwenye glasi na umimine siki juu yake. Ukichemka na kutoa mapovu, una chokaa ya makombe au matumbawe, wala haufai. Kisha tia konzi moja kwenye chupa ya maji safi, tikisa, na uache itulie kwa dakika chache: silika nzuri hutuama na kuacha maji yakiwa karibu maangavu, ilhali mchanga wenye udongo huyaacha yakiwa na rangi ya chai ya maziwa.

Silika hunasa uchafu wa ukubwa wa mikroni 20 hadi 40 hivi (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), na kwa bwawa la familia inatosha kabisa. Kioo kilichosagwa maalumu kwa machujio hunasa uchafu mdogo zaidi na ute wa vijidudu haukishiki kwa urahisi, ila bei yake ni kubwa. Ni chepesi kuliko mchanga, hivyo uzito unaohitajika hupungua kwa kati ya asilimia 10 na 20. Zeoliti, aina ya madini yenye vitundu vidogo sana, nayo husifiwa kwa sababu hufyonza amonia inayotokana na jasho na mkojo, lakini hapa Dar es Salaam ningemshauri mtu apime maji yake kwanza, kwa kuwa visima vingi vya ukanda wa pwani vina chumvi, na chumvi hupunguza uwezo huo wa kufyonza. Anayejaza bwawa kwa maji ya kisima cha namna hiyo atalipia sifa asiyoipata.

Kiasi cha kununua kimeandikwa kwenye kibandiko cha tenki, na kama tenki lako linahitaji tabaka la kokoto chini, kibandiko hicho hicho kitasema. Usikisie.

Wakati wa kujaza, tia maji hadi nusu ya tenki kwanza ili mchanga usianguke kwa kishindo na kuvunja yale mabomba ya chini, na funika mdomo wa bomba la katikati kwa mfuko na utepe wa gundi, kisha uutoe kabla ya kurudishia vali, yaani kifaa kinachoelekeza maji kuingia na kutoka kwenye tenki. Kabla ya kuchuja, sukuma maji kinyumenyume mpaka yanayotoka yawe safi, suuza kidogo, ndipo uandike presha inayoonyeshwa na geji. Presha hiyo ikipanda kwa psi 8 hadi 10, osha tena kwa kusukuma maji kinyumenyume. Usioshe kila siku, kwa maana mchanga ulioshika uchafu kidogo huchuja vizuri zaidi kuliko uliotoka kuoshwa.